Newala au Rondo? Kama unataka kupanda juu huku kusini soma hii kwanza

Kila ikikaribia Juni watu wa Mtwara mjini na Lindi wanaanza kuulizana wapi pa kwenda kupata kibaridi, na wa Dar ambao Lushoto wameshaizoea nao wanauliza, na majibu huwa mawili tu, panda Newala au panda Rondo. Shida ni kwamba wanaojibu wanazitaja kama kitu kimoja, "kule juu", yani kama ukienda hii umeenda na ile. Sio kweli hata kidogo. Mtu aliyejiandaa kwa Newala ukimpeleka Rondo atahangaika kuanzia saa ya kwanza, na aliyekuwa anautaka msitu wa Rondo ukimshusha stendi ya Newala atakuuliza msitu uko wapi mbona naona maduka ya spea za pikipiki. Kwahiyo naziweka hapa zote mbili, uangalie mwenyewe ipi inakufaa kwa hela yako, muda wako na mwili wako.

Kwa wenye haraka jibu ni hili: Newala unaweza kwenda bila kumjua mtu hata mmoja, Rondo nenda kama una mwenyeji. Mengine yote yanatokana na hapo.

Kwanza tuelewane, hizi sio milima ya kuchongoka. Ni nyanda za juu, ukishamaliza kupanda unakuta juu ni tambarare, mikorosho, vijiji, barabara zilizonyooka, mpaka unasahau kama uko juu, afu ghafla unafika ukingoni na ardhi inaishia hapo hapo. Kati ya nyanda hizi mbili kuna bonde la mto Lukuledi na ndo humo inapita barabara kuu ya kutoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi, kwahiyo ukiwa kwenye basi la Masasi uwanda wa Makonde uko mkono wako wa kushoto na Rondo iko kulia. Newala imekaa kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, inaangalia bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Rondo iko mkoa wa Lindi na sehemu zake za juu zinakaribia mita 900. Kwa urefu huo hakuna habari ya kukosa pumzi wala kuumwa kichwa, ila baridi la Juni na Julai usiku ni la kweli, na ukichanganya na upepo wa Newala mtu wa pwani analala na soksi. Beba sweta, hapa hakuna mjadala, iwe unaenda hii au ile.

KUFIKA

Newala ina njia mbili na watu wanabishana sana ipi bora. Ya kwanza ni kutoka Mtwara kupitia Nanyamba na Tandahimba, ya pili ni kuzunguka na lami mpaka Masasi halafu unapanda kutokea kule. Barabara nzima ya Mtwara–Tandahimba–Newala–Masasi ni kilomita 210. Kipande cha Mtwara mpaka Mnivata, kilomita 50, kina lami siku nyingi, na hizo 160 zilizobaki ndo mradi wa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mradi wa barabara kila mtu anaujua, leo unapita vizuri kesho umewekewa daivasheni ya vumbi hadi kwenye kope. Usimuulize mtu aliyepita mwaka jana, muulize dereva aliyeshuka jana jioni.

Kwa Tandahimba unakaa juu ya uwanda muda mrefu, mwinuko unaongezeka polepole tu kutoka pwani kwenda magharibi, hakuna mlima wa kutisha, ni mikorosho mpaka uchoke, vijiji vimepangana barabarani, na hii ndo njia nzuri kwa anayetaka kuona watu wanavyoishi. Kwa Masasi ni lami mpaka Masasi mjini, kutoka Mtwara ni kama kilomita 200 ukipitia Mnazi Mmoja, afu ndo unaupanda ukingo wenyewe. Pale kwenye kupanda ukikaa upande wa dirisha unaona bonde linashuka chini yako na ile milima ya mawe ya Masasi inabaki nyuma imesimama mmoja mmoja. Mimi ningekwambia panda kwa Masasi ushuke kwa Tandahimba, unapata vyote viwili na hurudii njia. Ila hiyo ni kiangazi. Mvua zikianza ule mpando wa Masasi ndo sehemu ya kuogopa, gari likiserereka pale hakuna pa kujishikilia, kwahiyo masika nenda na urudi kwa Tandahimba hata kama utachelewa.

Usafiri ni Coaster, Noah na zile michomoko za Probox. Noah haiondoki mpaka ijae na kujaa kwa Noah ya Newala sio siti ngapi zimeandikwa kwenye kadi, ni konda ameridhika au bado. Ukiwa na mwili mkubwa au una mtoto lipia siti mbili, mambo yaishe. Wa Dar mna mabasi yanayopita daraja la Mkapa pale Rufiji (ambao mmezaliwa baada ya 2003 hamjui raha mliyonayo, wazazi wenu walikuwa wanalala kwenye foleni ya kivuko), na yapo yanayokwenda Newala moja kwa moja, ila kama ni mara yako ya kwanza na hujui unafikia wapi bora ulale Masasi au Mtwara uamke upande mchana. Kufika Newala usiku wa manane na begi mgongoni huku upepo unapuliza sio mwanzo mzuri wa likizo. Ndege zipo Dar–Mtwara kwa mwenye nafasi yake, ila safari yako halisi inaanza ukishatoka uwanja wa ndege.

Sasa Rondo. Hapa kwanza lazima ujue unaenda Rondo ipi. Rondo sio mji, ni uwanda wenye vijiji, kuna Chiponda, kuna Mnara, kuna Ntene, na kutoka kimoja kwenda kingine ni safari. Ukishuka Mtama ukamwambia kijana wa boda nipeleke Rondo atakuuliza "mjomba, Rondo ipi?" na ukisita tu bei imeshapanda. Chiponda wengi wanaijua kwa sababu ni kwao marehemu Bernard Membe, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, na ndo alikozikwa Mei 2023, kwahiyo ukiitaja angalau mnaanzia mahali.

Unashuka barabara kuu, Mtama au Nyangao, kutegemea na kijiji, halafu unatafuta cha kukupandisha. Magari ya vijijini kawaida yanashuka asubuhi na watu na mizigo yao, yanapanda mchana wakishamaliza shughuli, ukifika saa kumi jioni unakuta lilishaondoka na unabaki na boda tu. Boda nayo sio mbaya, njia ina miti na hewa inabadilika unavyopanda, lakini udongo ni mwekundu na unaingia kila mahali, funga begi kwenye mfuko wa nailoni na jifunge kitambaa usoni. Patana bei kabla hujapanda, na patana kabisa kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi, maana hilo ndo linaloleta ugomvi huko juu mbele za watu. Mvua ikiwa imenyesha usiku usilazimishe, subiri jua lipige hata nusu siku. Kuna dereva alinipandisha siku ya utelezi akawa ananiambia tulia kaka tulia huku mwenyewe miguu yote miwili inaburuzika chini kama ya bata, sirudii.

Kwenye kufika basi Newala inashinda, wala sio kidogo.

MAJI

Hapa nakaa kidogo maana ndo kitu wageni hawaulizi mpaka wafike wamejipaka sabuni.

Uwanda wa Makonde mvua inanyesha vizuri tu, tatizo ardhi yake ya juu ni ya kichanga, inayanywa yote, na chemchemi zinatokea chini huko kwenye miteremko na mabondeni. Kwa miaka na miaka kina mama wa huku walikuwa wanashuka korongoni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani, na tangu miaka ya 1950 maji yanasukumwa na mapampu kutoka chini kuja juu, kwahiyo umeme ukisumbua au pampu ikigoma mji mzima unajua. Hata vita imewahi kuamuliwa na hili. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaikamata Newala, Wajerumani hawakuhangaika kuvamia ngome moja kwa moja, wakaenda kukamata kule chini jeshi lilikokuwa linachota maji, na kabla Novemba haijaisha Wareno walishatoroka usiku kurudi walikotoka. Ukisimama ukingoni ukaangalia maji yalipo na mji ulipo unaelewa bila kuhadithiwa.

Siku hizi mambo ni nafuu kuliko hadithi za wazee, lakini angalia nyuma ya nyumba za Newala utaona kila bati lina mfereji kuzunguka, bomba linateremka ukutani linaingia kwenye kisima cha saruji kilichozamishwa uani, na juu yake mfuniko wa chuma wenye kufuli. Ile kufuli sio pambo. Mvua za masika zinawekwa humo zitumike mpaka kiangazi, mwenye nyumba anajua kimebaki kiasi gani kama unavyojua salio la simu yako. Kwahiyo ukipiga simu gesti usiulize kama kuna wi-fi, uliza mambo mawili: maji ya bomba yanatoka siku zote, na yasipotoka mna kisima? Wakijibu ndio kwa la pili lipia. Na ukipewa ndoo moja ya kuogea oga kwa ndoo moja, sio unaita "dada niongezee" kama uko Sinza.

Rondo ina msitu na kijani zaidi, lakini bomba hotelini haitakuhusu kwa sababu hoteli yenyewe haipo. Utatumia maji anayotumia mwenyeji wako, kutoka kisimani au chemchemi. Ya kunywa panda nayo katoni au chemsha, usione aibu kuomba yachemshwe.

KULALA NA KULA

Newala ina gesti na loji za kutosha kwa mji wa wilaya, za bei ya chini na za kati, kitanda, neti, feni ambayo Julai hutaiwasha. Usitarajie bwawa la kuogelea, tumeshaongea habari za maji. Kitu kimoja tu: msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi minada ikianza, vyumba vinajaa wanunuzi, madereva wa malori na watu wa mabenki na bei zinabadilika. Wakati huo piga simu kabla, na usishangae dada wa mapokezi akikwambia vimejaa mpaka wiki ijayo.

Rondo ni nyumbani kwa mtu. Ndo maana nasema mwenyeji. Awe ndugu, rafiki wa chuo, mwalimu aliyepangiwa huko, mtu wa kanisa (Waanglikana wana shule ya seminari huko siku nyingi), yeyote anayeweza kusema "huyu mgeni wangu". Ukiwa na hema na kibali cha msitu unaweza kulala huko, ila bado utahitaji mtu kijijini. Na mgeni anapanda na kitu, sukari, sabuni, mchele, mafuta, usipande mikono mitupu halafu unasifia ukarimu wa watu wa kusini.

Chakula hakitofautiani sana. Ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, kunde, njugumawe, samaki mkavu kutoka pwani. Newala kuna migahawa na chipsi na nyama choma ukichoka na mboga za majani. Stendi za njiani tafuta ming'oko, ile mizizi ya porini iliyochemshwa, unamenya unatafuna unatema nyuzi, ukiwa na chumvi na pilipili kidogo safari inaenda yenyewe. Korosho nunua kwa kina mama wanaobangua wenyewe, onja kwanza, zilizokaangwa jana na zilizokaangwa mwezi jana unazijua kwenye jino la kwanza. Mabibo yakianza kudondoka utapewa uraka, juisi yake ikiwa mbichi ni tamu kabisa, lakini uliza imekamuliwa lini maana iliyokaa haikubaliani na mtu mwenye safari. Na ile iliyopitia kwenye moto, yani gongo, achana nayo kabisa.

CHA KUONA

Newala watu wote wanaenda Shimo la Mungu na wana haki. Ni pembeni tu ya mji, unatembea au unachukua boda ya dakika chache, afu unasimama ukingoni na chini yako ni korongo, mbele ni bonde la Ruvuma lote mpaka Msumbiji. Asubuhi mapema Juni na Julai ukungu unaweza kufunika kila kitu usione hata mti wa jirani, kwahiyo usiende saa kumi na mbili ukakasirika ukaondoka, rudi saa nne au nenda jioni jua likiwa linashuka. Usiende na viatu vya kuteleza na watoto washikwe mkono, hapa namaanisha washikwe, sio "njoo huku baba" kwa mdomo huku unapiga selfi. Hadithi za pale ziko nyingi na kila mzee ana yake, mchukue kijana wa mtaani akupeleke, mpe chochote, atakusimulia ambazo mwenzake hazijui.

Zaidi ya hapo Newala yenyewe ni ya kutembea. Soko, ukingo wa mji, vijiji vya pembeni, Kitangari huko. Mji una historia kuliko unavyoonekana, Wamisionari wa Kianglikana walihamia hapa kutoka Masasi baada ya Wangoni kuivamia Masasi 1882, na Mjerumani mmoja mtafiti wa mila, Karl Weule, aliweka kambi hapa 1906 akiandika ngoma, vinyago na jando. Wale bibi wenye ndonya (kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu) na chale usoni wamebaki wachache na ni wazee sana, ukimkuta mmoja usimwinulie simu usoni. Shikamoo kwanza, kaa, ongea, na ukitaka picha omba kupitia mjukuu wake, akikataa umekatazwa. Hilo na jando pia: ukiona watoto wamekusanywa mahali pembeni ya kijiji wakati wa likizo za shule na kuna ngoma, usiusogelee uzio kwa kushangaa. Ngoma za hadharani utaalikwa, na ukialikwa cheza, sindimba haihitaji cheti.

Kwa Rondo ni msitu. Anayekwenda Rondo kutafuta mandhari ya ukingoni kama ya Newala amekosea anuani. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia, moja ya mabaki ya misitu ya pwani ambayo ina viumbe hawapatikani sehemu nyingi duniani, na maarufu wao ni komba wa Rondo, kakomba kadogo kuliko wengine wote, uzito wake kama gramu 60 tu, mkia wake una manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Anatoka usiku. Kwahiyo kama hutaki kutembea msituni usiku na tochi na mtu wa hifadhi, umepanda bure, mchana utaona miti tu, ingawa na miti yenyewe kuna mivule na pembeni mashamba ya misaji ya serikali ambayo ukipita asubuhi ni ya kupendeza sana. Kibali ni cha TFS, wakala wa misitu, malipo ni kwa kontro namba, fanya hayo mambo ukiwa bado Lindi mjini ambako ofisi zipo na mtandao upo, usifike getini ndo unaanza kutafuta bando. Na mwongozaji sio hiari, ukipotea mle mchana ni aibu, usiku ni kesi.

Kama mnaenda na gari lenu na mmeshafika Rondo pitieni na Rutamba mkirudi Lindi, kuna ziwa na msitu wa Litipo karibu. Barabara ulizieni.

LINI

Juni mpaka Septemba kwa zote mbili. Barabara kavu, hewa safi, mikorosho inatoa maua. Ila mwenye pumu ajue huu ndo wakati watu wanapulizia salfa mashambani, asubuhi unaona moshi wa njano kati ya mikorosho na harufu inaingia mpaka ndani ya gari, beba dawa yako na funga vioo.

Oktoba mpaka Desemba Newala imechangamka kuliko wakati wowote, hela za korosho zimeingia, kuna harusi, kuna pikipiki mpya, muziki mpaka usiku. Ni raha kama unapenda watu, ni karaha kama ulitaka utulivu. Rondo nao wanavuna lakini pametulia zaidi.

Mvua kubwa Desemba mpaka Aprili. Newala inawezekana kwa uvumilivu. Rondo hapana, labda una gari la kupanda kila tairi, na una koleo.

HELA, SIMU, AFYA

Newala kuna NMB na CRDB, kuna ATM, kuna sheli, kuna hospitali ya wilaya, kuna mafundi. ATM siku za malipo ya korosho ina foleni ya kutoka asubuhi, kwahiyo hata huku panda na keshi kidogo. Rondo beba keshi yote unayohitaji na iwe ya noti ndogo, mawakala wa simu wapo lakini kupata wakala mwenye laki moja kwa mpigo ni bahati. Mafuta jaza ukiwa barabara kuu, huko juu ni ya kwenye chupa na bei yake wanaipanga wao. Mtandao unakuja na kuondoka, mwambie mtu nyumbani mapema usije ukatangazwa umepotea.

Malaria ipo huku kusini yote, ubaridi wa juu usikudanganye, lala kwenye neti. Ukizidiwa ukiwa Rondo kuna hospitali ya misheni Nyangao, pale pale chini unaposhukia, na kwa upande wa Masasi kuna Ndanda, kubwa na ya siku nyingi. Hilo ni jambo moja ambalo Rondo haiko vibaya kama watu wanavyofikiri, tatizo ni kushuka tu.

Kuhusu usalama nisizunguke. Newala mjini ni mji wa kawaida, watu wanaishi na biashara zinaenda. Ila upande wa pili wa Ruvuma ni Cabo Delgado ambako kuna mapigano tangu 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Kwahiyo kuushangaa mto kutoka juu inatosha, usichukue boda kushuka mpaka mtoni "kuona tu". Tembea na kitambulisho, cha NIDA au chochote, na ukilala kijijini iwe huku au Rondo, mwenyeji akupeleke kwa mwenyekiti au mtendaji siku hiyo hiyo ukajitambulishe. Dakika tano, na ukishafanya hivyo kijiji kizima kinakulinda. Mwenye droni aiache nyumbani.

NA MASASI JE?

Wapo wanaosema kwa nini nihangaike kupanda, nikae Masasi niangalie milima. Sawa, ina lami mpaka mlangoni, ina gesti nzuri, ina yale mawe makubwa ya kupanda asubuhi, na mji wenyewe ulianzishwa 1876 na askofu Steere kwa watu waliokombolewa utumwani. Lupaso kwao rais Mkapa haiko mbali, na Ndanda kwa Wabenediktini ni ya kushuka njiani. Lakini Masasi ni joto. Kama ulitoka nyumbani kutafuta baridi hujaipata, itumie kwa kulala unapokwenda au kurudi.

SASA UCHAGUE

Una familia, wazazi wazee, watoto wadogo, au wikiendi moja tu: Newala, bila kufikiria mara mbili. Mnatoka Mtwara Ijumaa asubuhi, Jumamosi yote ni yenu, Jumapili mnashuka. Wachumba pia Newala, ila msitegemee kuzungukwa na mishumaa.

Unapenda ndege, wanyama, mimea, au una utafiti wa chuo, au umechoka na watu kabisa: Rondo, mradi una mwenyeji na sio chini ya siku tatu, maana siku ya kwanza ni ya kufika na kujitambulisha tu, msitu unauanza ya pili. Una hamu ya Rondo lakini hujui mtu? Kaa Lindi kwanza, nenda ofisi ya misitu ueleze unachotaka, wao ndo wanaweza kukuunganisha na mtu wa kijijini. Usiokote mwenyeji stendi.

Wanaotaka zote kwa safari moja inawezekana ukiwa na wiki, na mpango wangu ungekuwa Rondo kwanza mwili ukiwa bado na nguvu, halafu unashuka Nyangao, Ndanda usiku mmoja kupumzika na kufua udongo mwekundu, Masasi, unapanda Newala unamalizia na kitanda kizuri, na kurudi Mtwara kwa Tandahimba. Ukianza na Newala utazoea chai ya moto na ATM, kupanda Rondo baada ya hapo utakuona ni adhabu. Na kule Rondo chukua namba ya simu ya boda aliyekupandisha kabla hajageuza, mwambie kabisa siku na saa ya kukufuata, na umpigie jioni ya kabla yake kumkumbusha.